Msituombe Sindano ya Kumlaza Mzee



Kila mwaka mvua zinapoanza na watu kuhamia mashambani, ombi moja hutufikia hospitalini kutoka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa. Huja mtoto, au mkwe, au mjukuu, mara nyingi bila mgonjwa mwenyewe. Husogea karibu na meza, hupunguza sauti, na kusema: "Nesi, tusaidie sindano ya usingizi. Mama halali. Usiku kucha anazunguka nyumba, anafungua milango, anaita watu waliokufa zamani. Na sisi tunatakiwa shambani, nguruwe wanamaliza mahindi." Wengine wamekwisha kutajiwa na jirani jina la kidonge, nao wamekuja kuulizia bei tu. Wengine wamekwisha kukinunua dukani, wamempa mzee siku nne, na siku ya tano wanamleta kwa baiskeli akiwa hawezi kumeza hata uji.

Simlaumu mtu aliyekesha wiki tatu. Mtu huyo amechoka, na uchovu si dhambi. Lakini jibu langu kwa ombi hilo ni hapana, na leo naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze sababu zake, kisha niseme kile ambacho naamini kinasaidia kuliko sindano.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Huku kwetu tunasema "amerudi utotoni", au "ni uzee tu". Si uzee tu. Wazee wengi wanafika miaka 90 wakiwa na akili timamu, wanahesabu korosho zao wenyewe na kujua nani anadaiwa. Kusahau tunakozungumzia hapa, ambako waganga wa hospitali wanakuita dimensia, ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake inayojulikana zaidi inaitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hii ndiyo inayowapata wenye shinikizo la damu lisilotibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hapa Tanzania, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wazee kama 6 katika kila 100 walikuwa nao. Kwa hiyo asije mtu akasema huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Sasa nianze na jambo ambalo dawa inatakiwa kweli, ili nisieleweke vibaya. Kama mzee alikuwa mzima wiki iliyopita, na leo ghafla hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwapo, mchana analala na usiku anapiga kelele, huyo mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa malaria, au nimonia, au ugonjwa wa njia ya mkojo, au sukari imeshuka, au ameishiwa maji mwilini. Mzee akiugua hapati homa kali kila mara kama kijana; ubongo ndio unaotoa taarifa. Akitibiwa, mara nyingi akili inarudi. Sindano ya usingizi kwa mtu kama huyo inaficha ugonjwa mpaka unamuua. Tena wapo wanaoonekana kusahau kumbe hawasikii, kwa kuwa masikio yamejaa nta, au hawaoni kwa mtoto wa jicho, au wana huzuni nzito tangu kufiwa. Hayo yote yana matibabu.

Lakini wale wengine, ambao wamekuwa wakisahau polepole mwaka hata mwaka, hawana dawa ya kuwaponya. Katika nchi tajiri zipo dawa zinazopunguza mwendo wa kusahau kidogo kwa baadhi yao, na huku kwetu dawa hizo ni adimu. Kinachopatikana kwa urahisi ni dawa za kutuliza: haloperidoli, largaktili, valiamu. Hizo hazigusi ugonjwa. Zinamgusa mtu. Valiamu inamfanya ayumbe, anaanguka akienda chooni usiku, anavunjika nyonga, na mfupa wa nyonga kwa bibi wa miaka 80 aliye kilomita 60 kutoka hospitali mnajua mwisho wake. Haloperidoli na largaktili zinamkaza viungo, zinamtetemesha, chakula kinapita njia ya hewa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za jamii hii zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani, ambazo ndizo tulizo nazo sisi. Huko Uingereza, Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali taarifa mwaka 2009. Alikadiria kwamba wagonjwa 180,000 wa dimensia walikuwa wanapewa dawa hizo kila mwaka, kwamba wanaofaidika ni kama mmoja kati ya watano, na kwamba vifo vya ziada ni kama 1,800 kwa mwaka. Baada ya taarifa hiyo walijitahidi, na kufikia mwaka 2011 matumizi yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Wazee wao hawakuharibikiwa kwa kukosa vidonge.

Nakubali kwamba daktari anaweza, mara chache, kuandika dozi ndogo kwa siku chache, pale mgonjwa anapotaka kujiumiza au kuumiza wengine na njia nyingine zimeshindikana. Hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona mgonjwa. Haihusiani na kununua vidonge dukani ili familia ipate kwenda kulima.

Basi kama si dawa, ni nini? Ni kuuliza: mzee huyu anataka kusema nini? Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Tom Kitwood, alitoa kitabu mwaka 1997 akieleza jambo ambalo sisi wauguzi tuliliona wodini kwa macho yetu: kwamba ukorofi mwingi wa wagonjwa hawa ni haja ambayo imekosa maneno. Mtu bado yumo ndani. Maneno ndiyo yamepotea.

Chukueni mfano wa kuzurura. Bibi anakaa vizuri mchana, jua likianza kutua anabeba kitenge chake, anasema: "Naenda nyumbani." Watoto wanamwambia: "Mama, hapa ndipo nyumbani!" Yeye anazidi kukasirika. Wanafunga mlango, anaupiga mpaka mikono inavimba. Sasa ulizeni, bibi huyu wa miaka 80 na zaidi alikuwa wapi kabla ya mwaka 1973? Wengi wa wazee wetu walihamishwa katika Operesheni Vijiji kati ya miaka 1973 na 1976. Nyumba alikoolewa, alikozaa, alikozika watoto wake wa kwanza, iko kwenye mahame, chini ya miembe ambayo leo hakuna anayeiokota. Ugonjwa huu hula kumbukumbu za karibuni kwanza na kuacha zile za zamani. Kijiji cha ujamaa kimefutika kichwani mwake, mahame yamebaki. Kwa hiyo hasemi uongo wala hana wazimu. Anataka kwenda kwake.

Vivyo hivyo nimewahi kumwuguza babu aliyekuwa anatoka kila alasiri kwenda kungoja treni. Vijana walicheka, maana wao Nachingwea wanaijua kwa mabasi. Lakini treni ilikuwapo. Reli ililetwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, ikang'olewa muda mfupi baada ya Uhuru, na mpaka leo kuna kata ya Nachingwea inayoitwa Stesheni. Babu alikuwa kibarua wa reli ujanani mwake. Mjukuu wake alipoanza kumuuliza, "Babu, treni ya leo imebeba nini?", babu alikaa chini kueleza, na akisha kueleza, giza lilikuwa limeingia na chakula kiko tayari. Kazi hiyo ilichukua nusu saa kwa siku. Hapakuwa na kufuli tena.

Niseme hapa juu ya kufuli na kamba. Najua kwa nini mnafunga. Vichaka viko karibu, na miaka hii tembo wanashuka hadi kwenye mashamba ya Nachingwea na Liwale. Lakini mzee aliyefungiwa ndani na moto ukawaka hana wa kumtoa, na aliyefungwa kamba mguuni anapata kidonda ambacho hakiponi. Afadhali uzio wa matete kuzunguka ua, lango lililo upande asioutazama, njia ya kutembea ndani ya ua huo mpaka achoke mwenyewe, na majirani wote waambiwe: mkimwona bibi njiani, msimkemee, msimshike mkono kwa nguvu, mwamkieni, tembeeni naye hatua chache, kisha mgeuke naye.

Kelele za usiku zina sababu zake. Kabla ya kuomba dawa ya usingizi, chunguzeni mambo haya ya kawaida: Amekwenda choo lini? Tumbo lililofunga siku sita linatosha kumfanya mtu mzima alie kama mtoto. Jino linamuuma? Ana kidonda mgongoni? Amekojoa kitandani na kuna baridi? Analala mchana kutwa kwenye mkeka kwa kuwa hakuna wa kumshughulisha, kisha mnataka alale na usiku? Mpeni kazi asubuhi. Bibi aliyesahau majina ya watoto wake bado mikono yake inajua kupepeta, kuchambua mbaazi, kusuka ukili. Akichanganya nzuri na mbovu, mwacheni, mtachambua upya akilala. Taa ndogo chumbani nayo inasaidia, kwa sababu gizani kila kivuli ni mtu.

Halafu kuna kuogeshwa. Nimeitwa mara nyingi kwa sababu "babu amekuwa mkali, anapiga". Nikiuliza anapiga lini, naambiwa wakati wa kuoga. Nikiuliza anamwogesha nani, naambiwa mke wa mwanawe. Jamani! Mzee huyu amelelewa katika mila ambazo mkwe hamtazami mkwewe hata akila, sembuse kumvua nguo. Amesahau mwaka, amesahau Rais ni nani, lakini haya hajaisahau. Anapigania heshima yake. Mpelekeeni mjukuu wa kiume. Mjukuu na babu ni watani, watataniana, babu atamwita mjukuu mume mwenza, watacheka, na maji yatamwagika bila ngumi.

Jambo linalowatatiza wakristo wengi ni hili: mama anamuuliza marehemu baba kila jioni. Mkimwambia amekufa, analia upya kana kwamba amesikia leo, na kesho vivyo hivyo. Mkimwambia yuko safarini, mnaona mmesema uongo. Mimi naona hamlazimiki kusema lolote kati ya hayo mawili. Mwulizeni: "Baba alikuwa anapenda kula nini?" Atasema. Ataeleza hata siku walipoonana ngomani. Alichokuwa anatafuta ni baba awepo kwenye mazungumzo, naye amekuwepo.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, linalonifanya niandike kwa ukali kidogo. Mzee mwenye ugonjwa huu hupotea usiku na kuonekana alfajiri uani kwa jirani, pengine bila nguo, akinong'ona. Huficha vitu na kudai ameibiwa. Huongea na watu wasioonekana. Katika vijiji vyetu mambo hayo yana jina, na jina hilo si dimensia. Wapo wazee, na hasa akina bibi wajane, waliosukumwa kwenda kwa waganga wakanyolewa nywele ili "uchawi utoke", na wapo walioachwa wale peke yao kwenye kibanda nyuma ya nyumba, watoto wamekatazwa kuwasogelea. Ndugu zangu, dalili mnazozitaja mkimshitaki bibi huyo ni zile zile tunazoziandika kwenye faili la mgonjwa. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, mashehe na wenyeviti wa vijiji wakizijua dalili hizi, bibi mmoja ataokoka na jambo ambalo hospitali haiwezi kumtibu baadaye.

Je, haya ya kuongea na kukumbushana yamewahi kupimwa, au ni maneno ya nesi mzee? Yamepimwa, tena hapa nchini. Katika wilaya ile ile ya Hai, watu wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwakusanya wazee 34 wenye dimensia katika vikundi vidogo. Walikutana mara 14 katika wiki 7. Hawakupewa vidonge. Waliongea habari za zamani, waliimba, walishika vitu vya nyumbani na kuvieleza, walicheza michezo wanayoijua, na wasiojua kusoma hawakuachwa nyuma. Taarifa ya mwaka 2017 inasema uwezo wa akili uliongezeka na wasiwasi wao ulipungua. Mtindo wenyewe ulitoka Uingereza, lakini ulibadilishwa ufae kijijini. Sioni kwa nini jumuiya ya Mnero au Mnacho isiweze kukaa na wazee wake wanne watano chini ya mwembe mara mbili kwa wiki. Vya kuongelea vipo tele: mradi wa karanga, wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao Nachingwea kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975, jinsi ya kupika chakula cha msimu wa njaa, bei za korosho za zamani. Nimeona bibi asiyejua jina la binti yake akisali rozari nzima bila kukosea, na bibi wa Kiislamu wa kitanda cha pili akifuatisha kasida yake. Tuanzie hapo kilipo bado.

Nimesikia pia wanaosema dawa ya yote haya ni kujenga nyumba ya wazee huku kwetu, kama Nunge ya Kigamboni au Welezo ya Unguja. Kwa asiye na mtu kabisa, naunga mkono. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe ililiweka jambo hili kuwa la mwisho, familia ikiwa imeshindwa, na nadhani ni sawa. Mgonjwa wa dimensia akihamishwa anapoteza hata kile kidogo alichokijua: mlango uko wapi, jiko liko wapi, sauti ya nani ni ya nani. Na nyumba yenye wazee 40 na wahudumu watatu itafanya nini usiku? Itatoa vidonge. Ndivyo ilivyokuwa huko Ulaya, kwenye nyumba zenye sakafu ya vigae. Atakayejenga, aanze kuhesabu mikono kabla ya matofali.

Lakini nikisema mzee abaki nyumbani, namtwika nani? Tusemeni wazi. Namtwika binti mmoja, kwa kawaida yule ambaye hakuolewa au aliyeachika, au mke wa mtoto wa mwisho. Ndugu zake wako Dar es Salaam na Mtwara. Wanapiga simu kutoa maagizo, na wakija kwenye msiba wanauliza mbona mama amekonda. Huyo binti ndiye anayekuja kwangu kuomba sindano. Anachohitaji ni kulala. Kwa hiyo nyinyi mlio mjini, msitume kitenge. Fedha za mnada wa korosho zikitoka, changeni mlipe msaidizi kwa miezi ya kilimo, Januari hadi Mei, au mje kwa zamu wiki mbili mbili. Na jumuiya, mnaozuru wagonjwa kwa sala ya robo saa, kaeni saa tatu. Mmoja akae na bibi, binti aende mtoni, au akalale.

Mkimleta mzee hospitalini, njooni asubuhi, kabla hajachoka. Leteni vidonge vyote anavyotumia, vya hospitali, vya dukani na vya mganga, katika mfuko mmoja. Mleteni amevaa nguo zake anazozizoea, na tafadhali aje naye yule anayelala naye chumba kimoja, hata kama mwenye nauli ni mwingine.